Kuanzia Buhuri, Kumalizia Morogoro

Kila mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba nyingi za Ngamiani, Makorora na Chumbageni huingia katika mahesabu yanayofanana. Mtoto amepata alama za kumfikisha chuo kikuu, lakini si kile alichokuwa akikitaja tangu kidato cha tatu. Au chuo ni hicho hicho, ila kozi siyo. Mjomba aliyewahi kusoma Dar es Salaam hutoa rai inayorudi karibu kila mwaka: aingie popote anapopata, akishakuwa ndani atahama. Rai hiyo hutolewa kwa nia njema kabisa. Isichoeleza ni atahama lini, kwa ruhusa ya nani, na atafika huko aendako akiwa na nini mkononi.

Tanga ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili, kwa kuwa jiografia yenyewe inalilazimisha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,615,597 katika mkoa huu, na vyuo vya kati havikosekani. Buhuri, nje kidogo ya mitaa ya jiji, kuna kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA. Mlingano, wilayani Muheza, kuna chuo cha kilimo. Korogwe kuna chuo cha ualimu. Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Jijini kuna VETA na kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Ukishuka na pwani hadi Bagamoyo utaikuta Mbegani kunakofundishwa uvuvi, na TaSUBa, taasisi iliyorithi Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa 1981. Kilicho adimu ni chuo kikuu. Anayetaka shahada ya kukaa darasani kwa kawaida hupanda basi pale Kange akaelekea Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma. Chuo Kikuu Huria kina kituo mjini Tanga na kimewasaidia wengi walio kazini, lakini si kila fani inasomeka kwa njia ya masafa, wala si kila kijana wa miaka kumi na tisa anaweza kujisimamia peke yake na vitabu.

Kwa hiyo kuanza chuo hiki huku akili ikiwa kwenye chuo kingine si tamaa ya wachache wasioridhika. Kwa sehemu kubwa ya vijana wa mkoa huu ndiyo ramani yenyewe. Swali ni kama ramani hiyo inasomwa vizuri, maana njia zilizomo ni mbili na hazifanani hata kidogo.

Njia ya kwanza ndiyo ile ya mjomba: kutoka chuo kikuu kimoja kwenda kingine katikati ya masomo ya shahada. Kati ya 2010 na 2017 maombi ya shahada yalipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwombaji alipanga machaguo yake, mfumo ukamgawia nafasi, na aliyegawiwa asichokitaka alianza kuwaza uhamisho kabla hata ya kufunga begi. Tangu 2017 maombi hutumwa moja kwa moja vyuoni, awamu kwa awamu. Aliyechaguliwa na vyuo kadhaa hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha kimoja tu. Mabadiliko hayo yalimrudishia kijana uamuzi, na yalipaswa kupunguza hamu ya kuhama. Lakini wengi wanauchukulia uthibitisho kama kushika kiti cha muda: nithibitishe hapa kwanza, mengine baadaye. Asiyeridhika anaweza kutengua uthibitisho wake na kuomba tena udahili ukiwa bado wazi, na hilo ni jepesi mno kuliko kuhama baada ya kusajiliwa. Ajabu ni kwamba nafasi hiyo nyepesi ndiyo inayoachwa ipite.

Masomo yakishaanza, dirisha la uhamisho hufunguliwa kwa muda mfupi. Masharti yake ya msingi yanaeleweka. Mwanafunzi awe na sifa za kuingia katika kozi anayoiendea, si za kozi aliyomo. Chuo kinachompokea kiwe na nafasi, kwa sababu kila kozi ina idadi iliyoidhinishwa. Vyuo vyote viwili viridhie na TCU ijue. Masharti haya yanaufunga mlango ambao wengi wanadhani wataupitia. Kijana aliyekosa udaktari kwa kuwa alama zake za kidato cha sita hazikutosha, akaingia kozi nyingine ya sayansi akitumaini kuhamia udaktari mwezi wa Desemba, anarudishwa kwenye alama zilezile. Kufanya vizuri kwenye majaribio ya wiki chache za mwanzo hakubadilishi cheti cha kidato cha sita. Uhamisho unamsaidia aliyekuwa na sifa tangu mwanzo akakosa nafasi, au ambaye hali ya nyumbani au afya imebadilika. Haumsaidii aliyekosa sifa.

Halafu kuna fedha. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, unapitia chuo alichosajiliwa mwanafunzi. Akihama, jina lake lazima lihame pia katika orodha ya malipo, na katikati ya karatasi hizo kuna wiki ambazo bumu, yaani fedha ya kujikimu, halionekani. Kwa familia yenye duka la rejareja Mabawa hizo ni wiki za kukopa chakula. Wapo wanaoamua kukatisha kabisa, kuacha chuo na kuomba upya mwaka unaofuata kana kwamba hawakuwahi kusoma popote. Hapo wanakutana na sharti lililomo katika miongozo ya Bodi: mnufaika aliyeacha masomo akitaka kukopeshwa tena anatakiwa kwanza arejeshe angalau asilimia 25 ya alichokwisha kupokea. Tofauti kati ya kuhama na kuacha haionekani nyumbani. Katika hesabu za mkopo ni kubwa.

Njia ya pili ndiyo inayowahusu vijana wengi zaidi wa pwani ya kaskazini, na ndiyo inayosemwa kidogo zaidi. Ni ya kuanzia chuo cha kati na kumalizia chuo kikuu. Kisheria hii haiitwi uhamisho. Ni udahili mpya kwa kutumia stashahada. Lakini katika akili ya kijana wa kidato cha nne anayechagua kati ya kidato cha tano Galanos au Usagara na stashahada ya mifugo Buhuri, ni safari moja yenye vituo viwili.

Mahesabu ya njia hii yanashangaza yakifanywa kwa utulivu. Mfumo unaosimamiwa na NACTVET, baraza lililoanza kama NACTE kwa sheria ya 1997, una ngazi zake: ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, na ya 8 ni shahada. Kutoka kidato cha nne hadi kumaliza ngazi ya 6 ni miaka mitatu. Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili. Chukua anayelenga udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambao ni shahada ya miaka mitano. Aliyepitia kidato cha sita atamaliza mwaka wa saba. Aliyepitia Buhuri atamaliza mwaka wa nane. Pengo ni mwaka mmoja.

Mwaka mmoja tu, si mitatu kama wazazi wanavyoogopa. Na katika mwaka huo wa ziada aliyepitia Buhuri amepata kitu ambacho mwenzake hana: kazi ya mkono. Anajua kuogesha ng'ombe, kuchanja, kupima ujauzito wa mfugo. Wafugaji wa Handeni na Kilindi wanamhitaji hata kama Morogoro haitamwita. Wa kidato cha sita aliyekosa chuo kikuu ana cheti kisichompa kazi yoyote moja kwa moja. Ukiongeza kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 serikali imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kilimo na mifugo zikiwemo, hoja ya kwamba chuo cha kati ni cha walioshindwa inapoteza miguu. Kwa fani hii, kwa mkoa huu, ni hoja isiyo ya kweli.

Hata hivyo mwaka mmoja hubaki mmoja kwa yule tu anayepita bila kukwama, na pa kukwama pako pengi. Sifa ya jumla ya kuingia shahada kwa stashahada ni wastani wa GPA 3.0. Kijana anayesoma kwa lengo la kupita tu anajifungia njia bila kujua, maana 2.8 inamtosha kuhitimu na kuajiriwa lakini haimfikishi chuo kikuu. Matokeo ya kidato cha nne nayo hayafi. Tabibu mwenye stashahada anayeomba shahada ya udaktari wa binadamu ataulizwa fizikia, kemia, baiolojia, hesabu na Kiingereza vya kidato cha nne, hata kama amekwisha kutibu watu miaka minne. Wapo waliolazimika kurudi kufanya mtihani wa hesabu kama watahiniwa wa kujitegemea wakiwa watu wazima wenye watoto. Laiti wangeambiwa siku ya kwanza.

Kuna pia namba ya uhakiki wa tuzo, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha AVN. Chuo kikuu hakimpokei mwenye stashahada bila namba hiyo kutoka NACTVET, na baraza haliwezi kuitoa kama chuo hakijawasilisha matokeo yake ipasavyo. Mwanafunzi anaweza kuwa amefaulu vizuri, akakosa awamu nzima ya udahili kwa sababu ya ofisi ya mitihani iliyochelewa. Hapo pengo la mwaka mmoja linakuwa miaka miwili, na kosa si lake.

Lakini jambo zito zaidi ni lile ambalo halijadiliwi vikaoni: masomo aliyokwisha kuyasoma yanakwenda wapi? Tanzania ina kipimo cha kuyahesabu. Mfumo wa tuzo za vyuo vikuu unahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, na mwaka mzima kuwa krediti 120, hivyo shahada ya miaka mitatu haipungui 360. Kipimo kikiwepo, ilitarajiwa aliyesoma lishe ya mifugo au sheria ya mikataba kwa saa kadhaa aende na saa zake. Kwa kawaida haendi nazo. Mhitimu wa stashahada ya sheria kutoka Lushoto akipata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaingia mwaka wa kwanza wa shahada ya miaka minne, pamoja na aliyetoka kidato cha sita ambaye hajawahi kushika kitabu cha sheria. Anakaa tena katika utangulizi wa mfumo wa sheria. Mzazi analipa tena.

Wahadhiri wanaotetea hali hii wana sababu, na si haki kuzipuuza. Stashahada inamfundisha mtu kutenda, shahada inamtaka pia aeleze kwa nini na ahoji. Mabaraza ya taaluma, ya madaktari wa binadamu na ya mifugo, yana wajibu wa kulinda maisha ya watu na wanyama, na hayawezi kukubali anatomia ya ngazi ya 5 iwe sawa na ya mwaka wa kwanza wa udaktari kwa kufanana jina. Kweli kabisa. Ila sababu hizo zinahusu baadhi ya masomo. Hazielezi kwa nini mtu arudie matumizi ya kompyuta, stadi za mawasiliano, au uhasibu wa awali aliokwisha kufaulu katika chuo kilichosajiliwa na kukaguliwa na serikali hiyohiyo. Kinachokosekana hapo ni kuaminiana, kwa kuwa TCU inasimamia upande mmoja na NACTVET upande wa pili, na mwanafunzi anavuka mpaka kati yao akiwa mikono mitupu.

Afrika Mashariki iliwahi kuishi vingine. Kati ya 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki. Kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, wa uhandisi alikwenda Nairobi, na wa sheria kutoka Kenya au Uganda alikuja Dar es Salaam. Chuo kilichomkabidhi shahada kilikuwa kilekile kimoja, hivyo hakuna aliyeuliza masomo ya wapi yana uzito gani. Chuo hicho kilipovunjika kila nchi ikajenga kuta zake. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, lilitoa mfumo wa pamoja wa tuzo 2015, na wakuu wa nchi wakatangaza 2017 kuwa jumuiya ni eneo moja la elimu ya juu. Kwenye karatasi, mwanafunzi anayevuka Horohoro kwenda Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, au Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa yumo ndani ya eneo moja. Kwa vitendo bado anahitaji vyeti vyake vilinganishwe kwenda, na shahada yake itambuliwe na TCU kurudi.

Wakenya wenyewe wana mfumo wa kitaifa wa kuhama unaosimamiwa na KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo. Dirisha linafunguliwa mtandaoni, na mwanafunzi anaona kabla ya kuomba kama alama zake zilifikia kiwango cha kozi anayoitaka kwa mwaka wake. Sharti ni lilelile la Tanzania. Uzuri wake ni kwamba jibu linapatikana mapema, na kijana hapotezi muhula akisubiri barua.

Marekani walikwenda mbali zaidi. Mpango wa California wa 1960 uliwapa vijana haki ya kuanza miaka miwili katika chuo cha jamii karibu na nyumbani kwa gharama ndogo, kisha kuhamia chuo kikuu cha jimbo kumalizia miwili iliyobaki, kwa orodha zinazotaja somo gani la chuo hiki linahesabiwa kuwa lipi kule. Hata nje ya mpango huo kuhama ni kawaida: Barack Obama alianza Occidental College, Los Angeles, 1979, akahamia Columbia, New York, 1981, na akamaliza 1983. Miaka minne jumla. Hakuna aliyemwambia aanze upya.

Huku kwetu, uhamisho mkubwa unaokumbukwa haukuwa wa hiari. Mwanzoni mwa 2016 TCU ilizifunga kampasi za Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu zilizokuwa Songea na wanafunzi wakatawanywa katika vyuo vingine. Mafaili yao yalipofunguliwa upya, ikabainika kuwa baadhi hawakuwa na sifa za shahada tangu mwanzo. Walikuwa wamesoma, wamelipa na wamefanya mitihani, na bado wakajikuta nje. Mei mwaka huohuo zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walirudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha wakachambuliwa kwa sifa, na wengi wa waliokidhi vigezo wakapelekwa vyuo vya ualimu vya serikali. Julai 2017 TCU ikavizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na Tanga ilikuwamo: Chuo Kikuu cha Eckernforde Tanga, chenye jina la mji wa Ujerumani ulio na udugu na Tanga tangu 1963, kilikuwa kwenye orodha. Matukio haya yanafundisha jambo ambalo rai ya mjomba hailigusi. Kila uhamisho, wa hiari au wa lazima, unafungua faili la mwanafunzi kuanzia kidato cha nne, na udhaifu uliofumbiwa macho chuo cha kwanza unaonekana chuo cha pili.

Ndiyo maana chuo cha kuanzia hakifai kuchaguliwa kama kibanda cha kusubiria basi. Kichaguliwe kwa swali gumu: nikibaki hapahapa, nisihame kamwe, nitatoka na kitu cha kuniweka mjini? Buhuri inajibu ndiyo. Mlingano inajibu ndiyo. Mbegani pia. Kozi ya shahada iliyochukuliwa kwa sababu tu nafasi ilikuwapo, katika chuo ambacho usajili wake haujahakikiwa katika orodha ya TCU, mara nyingi haijibu.

Na anayeanza huku akilenga kwingine aweke kumbukumbu zake tangu muhula wa kwanza: muhtasari wa kila somo wenye saa na mada zake, matokeo ya kila muhula yaliyogongwa mhuri, risiti za ada. Mwongozo wa udahili wa TCU una toleo la wenye stashahada, unataja sifa za kila kozi katika kila chuo, na unapaswa kusomwa siku ya kuingia chuo cha kati, si siku ya kutoka. Walimu wa kidato cha nne wa Muheza na Pangani wangefanya kazi kubwa kwa kuusoma darasani kwa saa moja tu, kabla wanafunzi hawajajaza fomu za machaguo.

Nafasi ya kulitengeneza hili kwa mkoa mzima iko karibu kuliko wakati wowote. Gombero, wilayani Mkinga, Chuo Kikuu Mzumbe kinajengewa kampasi ya Tanga kwa fedha za mradi wa HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021. Mzumbe yenyewe ilianza 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo 1972 kikitoa stashahada ya juu, na ikawa chuo kikuu 2001. Ni chuo kilichopanda ngazi hizihizi. Kinafundisha sheria, utawala na biashara, fani ambazo Lushoto na Chuo cha Utumishi wa Umma Tanga wanazianzisha kwa stashahada kila mwaka. Vyuo hivi vitatu vinaweza kukaa meza moja, TCU na NACTVET wakiwa mashahidi, na kuandika somo kwa somo kipi kitahesabiwa. Orodha hiyo ibandikwe Lushoto na jijini Tanga kabla wanafunzi wa kwanza wa stashahada wanaolenga Gombero hawajasajiliwa, ili anayeanza ajue ni krediti ngapi kati ya 360 atakazokuwa ameshazilipia.